Jumamosi ya sufuria tupu: maonyesho tuliyofanya kambini Goma

makoro_meusi (Goma)

Wandugu, jambo sana.

Uzi huu nimeuweka kiporo zaidi ya mwaka. Juzi nilikuwa Birere kutafuta vioo vya simu, mama mmoja akanishika mkono katikati ya msongamano. Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura, kwa maana ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya kule kambini. Akaniuliza, "Mwanangu, ile Jumamosi yetu mliiacha kabisa?" Nilibabaika. Nikamjibu, "Tutaonana, mama," nikaenda zangu. Usiku ule sikulala vizuri.

Nianze mwanzo. Tangu katikati ya 2023 mpaka Januari 2025 tulikuwa watu tisa wa kartie (mtaa) moja, tukifanya onyesho katika kambi ya wakimbizi wa ndani upande wa njia ya Sake, mara mbili kwa mwezi, siku ya Jumamosi. Mimi ni fundi wa simu. Wengine ni walimu wawili wa shule ya msingi, fundi cherehani, motari (dereva wa pikipiki), dada anayeuza samaki wadogo wa sambaza, mwanafunzi wa uuguzi, seremala anayeunda chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo), na mzee mmoja mstaafu aliyeimba kwaya ya parokia tangu ujana wake. Msanii hakuwepo. Hakuna aliyelipwa, wala hakuna shirika lililotutuma.

Onyesho lenyewe lilikuwa mchanganyiko. Wimbo, kichekesho, ngoma, vitendawili, mieleka ya watoto, kuiga sauti za ndege, chochote ambacho mtu anaweza kukifanya mbele za watu kwa dakika tano.

Mara ya kwanza tulikosea. Tulijiandaa wiki tatu, tukafika na ratiba yetu mkononi, tukacheza sisi wenyewe: vichekesho vitano, nyimbo nne. Watu walikuja wengi. Walikaa juu ya makoro, mawe yetu ya volkano, wakatazama kwa adabu, wakapiga makofi kila tulipomaliza. Ilikuwa kama mgeni aliyepikiwa chakula asichokitamani, anakula ili asimvunje moyo mwenyeji. Tulipokuwa tunakunja vitu, bibi mmoja akaja akiwa ameegemea fimbo. Akasema, "Asanteni wajukuu, mmecheza vizuri. Sasa sisi tutacheza lini?"

Tangu siku hiyo sisi tisa hatukusimama tena katikati ila kwa kujaza pengo. Kazi yetu ikawa kamba, megafoni, kupanga zamu, na maji ya kunywa. Wachezaji walikuwa wao.

Jambo ninalotaka kulisema katika uzi huu ni moja. Kambini mtu ananyang'anywa kazi yake, na jina la ile kazi linakwenda nayo. Jana alikuwa fundi, mkulima, mkunga, mwalimu. Leo ni deplase, mkimbizi wa ndani, mwenye jetoni, kadi ya namba. Anapanga foleni ya maji, foleni ya unga, foleni ya choo. Kila anayemjia na daftari anamuuliza amepoteza nini. Yule bibi alitufundisha tuulize: unajua kufanya nini?

Nitaendelea jioni, umeme ukirudi.

mtoto_wa_kadutu (Bukavu)

Kaka Makoro, nakusoma kwa heshima, lakini niruhusu swali linaloniuma. Dada yangu na watoto wake wanne walikuwa kambini huko kwenu 2024. Walilala njaa siku nyingi, najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimtumia franga kwa simu kila nilipoweza. Angeniambia kwamba kuna watu wamekuja na megafoni kuchekesha, ningekasirika kweli. Kwa nini pesa ya betri isiende kwenye unga?

makoro_meusi (Goma)

Dada, pole kwa yaliyompata dada yako. Swali lako ndilo la kwanza tuliloulizwa na komite ya kambi, na waliuliza kwa ukali kuliko wewe. Sitakwambia kwamba kicheko kinashibisha. Hakishibishi. Mara mbili tuliahirisha onyesho kwa sababu ugawaji wa chakula ulichelewa na watu walikuwa hawana nguvu hata ya kukaa juani. Lakini niruhusu nikusimulie habari ya baba mmoja, halafu utaniambia unaonaje.

Alikuwa mtu wa kama miaka hamsini na mitano, ametoka Masisi. Kila onyesho alikuja, akasimama nyuma kabisa, mikono mgongoni. Mwalimu wetu mmoja akamfuata: "Baba, wewe unajua nini?" Akajibu, "Sina kitu cha kuonyesha mbele za watu. Mimi nilikuwa natengeneza fromaji (jibini) tu."

"Basi tutengenezee."

"Maziwa yako wapi?"

"Hatuna. Tutengenezee hivyohivyo."

Akaondoka bila kujibu, tukadhani amekasirika. Wiki mbili baadaye akaja na sufuria kubwa ya kuazima, kijiti, kitambaa cheupe kilichofuliwa, na ndoo ndogo ya plastiki aliyoitoboa matundu chini kwa msumari wa moto. Akapanga mawe matatu, akatega sufuria juu, bila moto. Hapo akaanza kumimina maziwa ambayo hayakuwepo. Alimimina polepole, ameinamisha kichwa upande, anasikiliza yanavyoingia.

Watoto walicheka. Hakuwajali. Akachovya kidole ndani ya sufuria, akakitoa, akatikisa kichwa: bado. Akangoja. Akachovya tena, bado. Mara ya tatu akakubali. Akatia dawa ya kugandisha, tone kwa tone, akihesabu kwa sauti, akafunika kwa kitambaa, akakaa chini.

Alikaa, dada. Dakika nzima na zaidi hakufanya lolote. Mbele yake walikuwa watu zaidi ya mia tatu, na nilisikia bashe (maturubai) za vibanda zinavyopigwa na upepo. Ndipo mama mmoja akashindwa kuvumilia: "Baba, unachelewa, yataganda kupita kiasi!" Mwingine kutoka upande wa pili: "Mwache, kwetu tunangoja zaidi ya hapo." Wakaanza kubishana, watu wazima kwa watu wazima, juu ya maziwa ambayo hayakuwepo. Nilikuwa nimeshika megafoni, sikuitumia.

Akafunua. Akakata mgando kwa kijiti, marefu halafu mapana. Akauchota kwa mikono yote miwili akautia kwenye ile ndoo, akaweka jiwe juu. Mtoto akauliza yale maji yanayotoka chini yanakwenda wapi, akajibiwa, "Kwa nguruwe, na nguruwe anayapenda sana." Akaeleza namna ya kutia chumvi, namna ya kugeuza kipande kila siku kwenye ubao ili kisioze upande mmoja. Mwisho akachukua kisu cha hewa, akakata, akagawa safu ya mbele. Watoto walipokea kwa mikono miwili, wakatafuna.

Akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali, akasema: "Hii kazi nimeifanya miaka ishirini na tisa." Akaondoka na sufuria ya watu.

Kuanzia hapo kambi nzima ilimwita Baba Fromaji. Jumatatu yake kwenye foleni ya maji mama mmoja akamfuata: "Ni wewe! Nilikuwa nanunua kwako Mushaki, nimekutambua kwa ulivyotikisa kichwa." Yule mama ndiye aliyemwambia kwamba shemeji yake yuko hai, yuko kambi nyingine upande wa Kanyaruchinya. Baba huyu alikuwa amekaa miezi mitano bila kujua.

Pesa ya betri isingempa habari ile, dada. Sisemi kila onyesho lilizaa jambo kama hilo. Mengine yalikuwa watoto wanaruka na mvua inanyesha, basi.

jetoni_ya_njano (Goma)

Mimi nilikuwa kambini pale, kibanda chetu kilikuwa karibu na matanki ya maji. Nilikuwa naimba na wamama, sauti ya pili. Makoro amesahau kusema juu ya lugha, nami nadhani hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu na nzuri kuliko zote.

Tulitoka kila mahali. Kulikuwa na Wahunde, Wanande, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Washi waliokuwa wameolewa huko. Vita yenyewe inazungumza lugha za watu, mnajua. Mara ya kwanza mtu aliposimama kuimba kwa Kinyarwanda nilisikia minong'ono nyuma yangu, na haikuwa mizuri. Yule mzee wa parokia alikuwa na utaratibu wake: kila anayeimba kwa lugha ya kwao anaimba ubeti mmoja, halafu mtu wa lugha nyingine anaeleza kwa Kiswahili wimbo unasema nini. Yule wa kwanza aliimba wimbo wa kumbembeleza mtoto asilie mama akiwa shambani. Aliyeeleza alikuwa mama wa Kihunde aliyeolewa Rutshuru. Alipomaliza akasema, "Na kwetu upo, ila sauti yake inakwenda hivi," akauimba. Minong'ono ikaisha siku ile. Sikusema iliisha kambini. Iliisha ndani ya kamba.

Na nisimulie siku ya bidoni, dumu la plastiki la maji, kwa sababu naona yeye hataki kuisimulia.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Mabidoni ya njano ya kupigia ngoma yalikuwa yamepangwa matupu, moja limefungwa kifuniko. Bidoni likifungwa likakaa juani linavimba. Kijana mmoja akaruka juu yake. Likapasuka.

Mpaka leo sijui nilifikaje chini. Nilikuwa nimelala juu ya mtoto wa mwenzangu, wangu akiwa mgongoni. Wote chini, mia kwa mia, kama majani yaliyofyekwa. Hakuna aliyelia. Hicho ndicho kilichonitisha, watoto nao walijua kwamba wakati ule hawalii.

Yule mzee hakugusa megafoni. Aliokota lile bidoni lililopasuka, akapita nalo mstari kwa mstari, anainama kwa kila mtu anamwonyesha: "Ni bidoni, mama. Tazama. Ni bidoni. Baba, ni bidoni, shika." Alifanya hivyo kwa kila mtu, labda nusu saa. Wengine walilishika kweli. Tulipoinuka hakuna aliyetaka kuondoka. Tukaimba wimbo mmoja, tukarudi vibandani.

makoro_meusi (Goma)

Dada, asante kwa kulisema wewe. Kweli nilikuwa nalikwepa. Mabidoni nilikuwa nimeyapanga mimi, na kifuniko kile nilikiona. Nilidhani ni kitu kidogo.

Baada ya hapo tuliweka masharti, nayaandika kwa atakayetaka kuanza kwake. Bidoni halifungwi. Ngoma haianzi kwa kishindo, mpigaji anaanza chini kwa vidole halafu anapanda. Hakuna kuiga bunduki, hata kwa mdomo, hata kama kichekesho kinahitaji askari. Askari wa kwenye kichekesho tulimpa mwiko wa ugali. Hakuna kutaja kiongozi yeyote wa upande wowote, wala wimbo wa kundi lolote lenye silaha. Na hakuna kupitisha kofia ya pesa.

Kuhusu kamba: ilikuwa kamba ya katani ya kawaida, tumeizungusha kwenye miti ya bashe. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia watoto wasikanyagane, maana hatari kubwa ya mikutano ya kambini ni hiyo, watoto mia tano wakisukumana mbele juu ya mawe makali. Wamama wenye watoto wachanga tuliwaweka pembeni penye njia ya kutokea, kamwe si katikati. Baadaye ile kamba ikapata kazi nyingine. Siku moja walikuja wanaume wawili na bunduki, wanataka kuingia kutazama. Yule bibi wa fimbo aliinuka akawaambia, "Wanangu, ndani ya kamba ni nyumbani. Nyumbani silaha inabaki nje." Wakasimama nje ya kamba mpaka mwisho. Sisi vijana hakuna ambaye angethubutu.

Tulianza saa tatu asubuhi au saa nane mchana, na saa kumi kila kitu kimekunjwa. Giza kambini lina mambo yake, hasa kwa wasichana, kila mtu wa Goma anaelewa.

terili_na_bomba (Lubumbashi)

Wandugu wa Kivu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mimi nafundisha historia sekondari, na uzi huu umenikalisha chini. Naomba niongeze kidogo, kwa sababu mambo mliyoyagundua wenyewe juu ya makoro, watu wengine waliyagundua katika vita vyao.

Hilo la mchana. Vita vilipoanza Septemba 1939, kumbi za London zilifungwa na usiku mji ulikuwa giza kwa kuogopa ndege. Mpiga piano Myra Hess akaomba jumba la taifa la picha, ambalo lilikuwa limehamisha picha zake, akaanza kupiga muziki saa ya chakula cha mchana, tarehe 10 Oktoba 1939. Kiingilio shilingi moja. Mabomu yalipozidi walihamia chumba cha chini, na hawakuacha mpaka 1946. Hess alikuwa fundi mkubwa, si mtu wa kawaida, lakini saa aliipanga kama ninyi mlivyopanga, kwa kufuata hofu ya watu.

Kosa lenu la mara ya kwanza pia lina historia. Katika vita vya 1914 mwigizaji Mwingereza Lena Ashwell alipeleka vikundi Ufaransa kuanzia 1915 kuimbia askari. Vita vya pili Waingereza wakaunda ENSA, Wamarekani wakaunda USO mwaka 1941, mashirika ya kuwaburudisha askari. Yalikuwa mambo makubwa na yalisaidia. Ila mtindo wake ni mmoja: wachezaji wanaletwa, waliochoka wanakaa wanatazama. Tofauti naiona mahali padogo. Katika ngome ya Windsor, kila Noeli kuanzia 1941 mpaka 1944, binti wa mfalme Elizabeth na mdogo wake Margaret walicheza michezo ya hadithi pamoja na watoto wa shule ya pale na watoto waliohamishwa kutoka London. Pesa iliyopatikana ilinunua sufu ya kuwafumia askari nguo za baridi. Yule binti ndiye aliyekuja kuwa malkia. Ninachokipenda pale ni kwamba mtoto aliyekimbia mabomu alikuwa jukwaani, hakuwekwa kwenye benchi aonewe huruma.

Kuhusu njaa ya dada wa Kadutu, swali lake ni zito na halijapata jibu popote. Leningrad, 1942, mji umezingirwa, okestra ya redio ilikuwa imebaki na wapigaji wapatao kumi na watano tu wenye nguvu. Waliongezewa chakula ili waweze kupuliza tarumbeta. Sarajevo, Agosti 1993, mwandishi Mmarekani Susan Sontag aliongoza mchezo wa kuigiza kwa mwanga wa mishumaa, umeme haukuwepo, na waigizaji walikuwa wakijilaza chini kila mazoezi yakisimama, kwa udhaifu wa njaa. Watu wa Sarajevo walizingirwa karibu miaka minne, na muda wote huo hawakuacha kucheza. Wengi waliokuja kutazama walipita njia zenye walenga shabaha.

Sasa nirudi kwetu, maana sipendi tuonekane kama tunajifunza ngoma kwa Wazungu. Vita vya 1914 vilipopita Afrika Mashariki, askari na wapagazi kwa maelfu waliokotwa vijijini. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Walikotembea walitembea na beni. Beni ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, kabla ya vita: watu wanajipanga kama bendi ya jeshi, wana vyeo, wana wafalme wao na makapteni wao, vilabu vya Marini na Arinoti vinashindana kwa mavazi na nyimbo. Kuli wa bandarini siku ya Jumapili anakuwa jenerali. Vita viliisha, beni ikaendelea kusafiri na watu wa kazi mpaka migodi yetu ya Katanga. Kuli anayepewa cheo Jumapili, na mkimbizi anayerudishiwa fromaji yake Jumamosi, mimi naona ni ndugu.

Na hapa Lubumbashi tulikuwa na mzee Mufwankolo na kundi lake la maigizo. Walicheza kwa Kiswahili chetu cha Shaba (jina la zamani la Katanga), redioni na kwenye televisheni, miaka mingi. Hawakuwa na maandishi. Walikaa, wakakubaliana hadithi inaanzia wapi na inaishia wapi, kila mmoja akatafuta maneno yake papo hapo. Ndiyo maana kila aliyesikiliza alimsikia jirani yake. Kaka Makoro, mlikuwa mnaandika vichekesho au mlifanya hivyo?

makoro_meusi (Goma)

Mwalimu, umenipa chakula cha wiki nzima. Ile ya beni nitamsomea mzee wetu wa parokia.

Hatukuandika. Mara ya kwanza tuliandika, na ndiyo ile waliyotutazama kwa adabu. Baadaye tuliwaachia. Kichekesho kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha wamama watatu waliojifanya wafanyakazi wa ugawaji na daftari lao. Kila mara waliuliza jina la mtu, wakaliandika vibaya, wakamrudisha nyuma ya foleni. Kila Jumamosi majina yalikuwa mengine, kwa sababu waliyachukua kwa watu waliokuwa mbele yao. Wafanyakazi wenyewe wa ugawaji walikuja kutazama. Mmoja alifuata zamu nyuma ya bashe akawaomba samahani, na baada ya hapo alikuwa akiuliza "nimeandika sawa?" kabla ya kufunga daftari.

lavi_ya_2002 (Goma)

Salaam wote. Nataka kumtetea mjitolea wa tamasha kubwa kidogo, Mwalimu asinielewe vibaya. Festival Amani hapa Goma ilipangwa Agosti 2013, vita vikaizuia, ikafanyika Februari 2014 pale Collège Mwanga. Mimi nilikuwa miongoni mwa wajitolea, kazi yangu ilikuwa mlangoni. Wasanii walitoka nchi jirani, vijana wa Rwanda na wa Goma walicheza pamoja, na mimi niliyekua nikiambiwa tuchukiane nilikata tiketi za watu wa pande zote kwa mkono huu. Pale ndipo nilipojifunza kupanga foleni bila kumsukuma mtu. Wajitolea wa jukwaa kubwa ndio wanaozaa wajitolea wa jukwaa dogo.

makoro_meusi (Goma)

Kweli kabisa, na wawili kati ya sisi tisa walitokea huko huko. Sipingi.

Sasa yaliyotokea mwisho. Onyesho la mwisho lilikuwa Jumamosi ya pili ya Januari 2025. Wamama waliimba, watoto wakafanya piramidi ya watu, Baba Fromaji akarudia sufuria yake kwa mara ya nne, wakati huu na wanafunzi wawili. Mwisho wa mwezi mapigano yaliingia mjini. Siku kadhaa hatukuwa na maji wala umeme. Tulilala chini ya vitanda. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Februari kambi za pembeni mwa mji zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka, wengine hawakuwa na pa kurudi. Nilikwenda pale wiki chache baadaye. Makoro, vipande vya bashe, soli za viatu. Mahali pa kamba nilipatambua kwa yale mawe matatu ya sufuria, yalikuwa bado yamekaa vilevile.

Kati yetu tisa, mmoja amevuka mpaka, mwanafunzi wa uuguzi yuko Kampala, seremala hatuna habari zake na simu yake haiiti. Namtaja kila ninapoomba. Megafoni ilichukuliwa nyumba yangu ilipoporwa, pamoja na simu za wateja, ambazo bado nazilipa moja moja.

Ndiyo sababu nilibabaika pale Birere. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba bila kambi hakuna onyesho. Lakini watu hawakuyeyuka. Wengi wao wako katika nyumba za ndugu huku Ndosho na Katoyi, familia tatu katika vyumba viwili, na sasa hata foleni hawana ya kukutania. Kambini walau walikuwa wanajuana.

Jana nimerudi Birere nikamtafuta yule mama mpaka nikamwona. Nikamwambia hatukuacha, tumesimama. Akaniambia ana wenzake kumi na moja wa kwaya anaojua wanakokaa. Baba Fromaji je? Yuko Sake, anafyatua matofali, anakuja mjini kila Alhamisi.

Tunataka kuanza uani, kwa watu thelathini au arobaini, mchana, bila ngoma, kwa utulivu, kwa ruhusa ya mkubwa wa avenyu.

jetoni_ya_njano (Goma)

Mimi nipo. Sauti ya pili.

mtoto_wa_kadutu (Bukavu)

Kaka Makoro, nimesoma yote, na ile ya bidoni nimeisoma mara mbili. Bado naamini unga kwanza. Ila nilimpigia dada yangu jana usiku kumuuliza kama aliwahi kusikia habari za maonyesho yenu. Alikaa kimya, halafu akaniambia binti yake wa pili alikuwa mmoja wa watoto wa piramidi, wa juu kabisa, na kwamba hakuniambia kwa sababu alidhani nitakasirika.

Nina megafoni hapa. Ilikuwa ya marehemu mume wangu, alikuwa akiitangazia bei za samaki sokoni. Inafanya kazi, kamba yake ya begani ndiyo imekatika. Naipeleka bandarini kesho kutwa, nitampa mama mmoja wa mizigo ninayemwamini. Niandikie pembeni jina la atakayeipokea.

makoro_meusi (Goma)

Dada, Mungu akubariki. Kamba ya begani fundi cherehani wetu ataishona. Inatumia betri ngapi?

mtoto_wa_kadutu (Bukavu)

Sita, zile kubwa. Nimetia mpya.